Ua Tulioupanda Ng'ambo ya Doldol

Vijana waliochukua kazi yangu katika ofisi ya vijana ya dayosisi wameniomba niwaandikie "mambo machache ya kuwasaidia". Nimestaafu juzi tu, mikono bado inatafuta kitu cha kufanya, kwa hivyo nimekubali. Lakini nawaonya mapema: sitaandika nilipandishwa cheo lini wala nilikuwa nalipwa nini. La kwanza halimsaidii mtu, na la pili litawavunja moyo. Ile miaka niliyokaa kwenye kiti nikipanga safari za watu wengine nayo nitaipita. Nitaandika juu ya miaka ya lori, nilipokuwa nakwenda mwenyewe.

Nilianza miaka ya sabini ilipokuwa bado michanga, msichana niliyetoka tu sekondari kule Othaya, na cheti cha kupiga taipu ndani ya bahasha. Kasisi aliyesimamia vijana, mtu mrefu, mpole, mpenda mipango mikubwa, aliniambia nitakuwa karani wake. Siku hiyo hiyo, kabla sijaonyeshwa taipureta iko wapi, alinituma madukani Nyeri mjini nikanunue misumari ya safari ya Agosti. Nikamuuliza ni misumari ya namna gani. Akasema, "Ya kujengea," akarudi kwenye mahubiri yake. Nikanunua mfuko mzima wa misumari mirefu kuliko yote dukani, nikijua kwamba kirefu hakiwezi kukosa kazi.

Nyuma ya ofisi alikuwa amekaa mzee mmoja juu ya rundo la mabati, akinoa msumeno. Aliutazama mfuko, akanitazama mimi, akaniuliza kama tunaenda kujenga daraja.

"Kuna msumari ya mbao, kuna ya bati, hiyo iko na kofia, na kuna ya seng'enge," akasema. "Wewe umereta ya kusurubisha mtu."

Huyo alikuwa Fundi Gathungu. Hakuwa kasisi wala mwalimu, na kwenye kwaya walimwomba aimbe polepole. Alikuwa fundi seremala na mwashi kwa pamoja, mtu wa Tetu, aliyekuwa akijitolea kila Agosti kwenda na vijana kuwafundisha kupiga msumari bila kupiga kidole. Alinirudisha dukani yeye mwenyewe, akanisimamisha mbele ya masanduku ya misumari, akanitajia mmoja mmoja mpaka Mhindi mwenye duka akaanza kucheka. Nilirudi ofisini nimeshika mfuko sahihi, nikiwa na hasira na Kasisi na mapenzi makubwa kwa yule mzee. Mapenzi hayo hayajaisha mpaka leo, ingawa tumeshamzika.

Kwa ambao hamkuyaona mambo hayo, safari zetu zilikuwa hivi. Shule zikifungwa Agosti, vijana kutoka parokia za huku milimani, Othaya, Mukurweini, Tetu, Karatina, walikusanyika Nyeri, wakapanda lori la chama cha ushirika cha kahawa, na kwenda mahali palipokuwa na shida kuliko kwetu. Mwaka mmoja tulikwenda Kieni kwenye ukavu, mwaka mwingine nchi tambarare chini ya Kerugoya, mwaka mwingine Laikipia. Mchana tulijenga, jioni tuliimba na kuhubiri. Kasisi aliita jambo hilo utumishi. Fundi aliita kazi, na alikuwa akichelewa kidogo kufika kwenye maombi ya asubuhi kwa sababu alikuwa anakagua simiti ya jana.

Baada ya mwaka mmoja niliacha kuwa karani wa mezani, nikawa ndiye mtunza stoo, mpishi mkuu na mama wa wasichana, yote kwa jina lile lile la karani. Kwa hivyo naweza kuwaambia machache yasiyobadilika. Chimbeni choo kabla hamjashusha vyombo, hata kama mwenyeji anawaambia pumzikeni kwanza. Kabeji iliwe siku za mwanzo na maharagwe yabaki mwisho, si kinyume chake. Bebeni chumvi na viberiti vyenu. Ufunguo wa stoo usipewe mwalimu wa kwaya, hata akiwa mtu wa Mungu namna gani, kwa sababu sukari na kwaya ni ndugu. Na msihangaike sana na mapenzi ya vijana. Ndoa nyingi nzuri ninazozijua zilianzia kwenye karai la kuchanganyia simiti, wawili wameshika koleo, kila mmoja akijifanya hamwoni mwenzake.

Vifaa vya Fundi vilikuwa vichache na hakuna aliyeruhusiwa kuvigusa bila kuomba. Pima maji yake, ile ya mbao yenye kiputo kinachotembea ndani ya kioo, aliifunga katika kitambaa cha kichwa cha mkewe. Timazi, kile kipande cha chuma kwenye uzi, aliitia mfukoni mwa koti. Alinifundisha kuitundika na kusubiri. "Ngoja iturie, Wangechi," alikuwa akisema. "Watu wengi wanasoma timazi kama bado inacheza, harafu wanarauma ukuta." Nilijenga kuta kadhaa maishani mwangu baada ya hapo, na hakuna iliyoanguka.

Kitu kingine nilichokipenda kwake ni kwamba alikuwa akiuliza. Chini ya Kerugoya tulimjengea mjane mmoja nyumba, na vijana walikuwa tayari wamechimba msingi mlango ukielekea barabarani, kama nyumba zote nzuri. Fundi akamwita yule mama, akamuuliza anautaka mlango wapi. Mama akaona haya, akasema popote tu. Fundi akakaa chini, akakataa kushika kitu mpaka mama aseme. Mwishowe mama akasema anautaka upande wa mpunga, ili akiwa anapika aone ndege wakishuka. Tulifukia msingi tukachimba upya, na vijana walinung'unika hadi chakula cha jioni. Aliuliza juu ya mlango, juu ya dirisha, juu ya mahali pa moto. Juu ya ua hakuuliza kamwe, na hakuna mmoja wetu aliyeuliza, kwa sababu kwetu milimani ua si jambo la kuulizwa. Ukipewa mahali, unaweka ua. Ndipo unapumua.

Sasa nije kwenye safari ya ng'ambo ya Doldol, ambayo ndiyo hasa nataka muijue.

Huko kulikuwa na kijana Mmaasai aliyeitwa Leshao. Alikuwa amesoma Nanyuki hadi darasa la saba, akarudi kwao, akaanza kuwafundisha watoto ndani ya banda bovu la kunyolea kondoo lililoachwa na mzungu mmoja. Hakuna aliyemtuma. Watu walimwita Mwalimu kwa mzaha, kisha mzaha ukasahaulika. Ofisi ya elimu ilimwambia hivi: apate darasa la kudumu, na mwanzo wa mwaka mkaguzi atakuja. Akikuta jengo na wanafunzi, shule itaandikishwa na serikali italeta walimu. Asipokuta, jina litafutwa na watoto waambiwe waende Doldol. Kwenda Doldol kwa miguu kulichukua asubuhi nzima, kwa hivyo maana yake ilikuwa kwamba hawataenda popote. Leshao alimwandikia Kasisi, na Kasisi, mpenda mipango mikubwa, akakubali kabla hajamaliza kusoma.

Tulifika Agosti. Wazee walituonyesha mahali, uwanja mpana chini ya kilima cha mawe, majani mafupi, hakuna shamba, hakuna nyumba. Ng'ombe walikuwa mbali, wamepelekwa malishoni upande wa mlima, kwa hivyo hata nyayo zao upepo ulikuwa umezifuta. Sisi tuliona ardhi tupu. Sijawahi kuona vijana wakifanya kazi kama mwaka ule. Hewa ilikuwa kavu, simiti ilishika haraka, na mabati yalipanda siku ambazo Fundi alikuwa amepanga bado tuwe kwenye kuta. Leshao alikuwa akizunguka lile darasa akigusa ukuta kila mahali, kama mtu aliyenunua ng'ombe mzuri na hajaamini.

Siku zikabaki. Lori lilikuwa halijaja kutuchukua, na vijana wasio na kazi ni mzigo mkubwa kuliko simiti. Lakini Fundi alikuwa amejiandaa. Mkulima mmoja wa Tetu alikuwa ametoa seng'enge, na akina mama wa kanisa la Othaya walikuwa wamekuza miche ya kayaba, ule ua wa miiba mnaoujua kila boma la kwetu, mmoja mmoja ndani ya mikebe ya mafuta ya kupikia. Miche hiyo ilikuwa imesafiri juu ya magunia yangu ya maharagwe, na nilikuwa nimeimwagia maji njia nzima. Ilikuwa zawadi. Akina mama wale walikuwa wameiombea.

"Shure haijaisha," Fundi akasema. "Haina ua."

Tukachimba mashimo ya nguzo, tukavuta seng'enge, tukapanda kayaba ndani yake kwa mstari ulionyooka kiasi kwamba ungeweza kuupigia picha. Wanawake wa pale walituletea maji kutoka visima vya mchangani, mtungi kwa mtungi, wakamwagilia miche bila kuuliza ni ya nini. Wazee walikaa kwenye mawe wakitazama. Leshao peke yake ndiye aliyeuliza.

"Fundi, na mlango ya ng'ombe iko wapi?"

"Ng'ombe hawasomi, mwarimu," Fundi akajibu, na sote tukacheka, na Leshao naye akacheka, kwa sababu alikuwa kijana na sisi tulikuwa wageni wake. Tukatia geti na kufuli. Tukaondoka tukiimba.

Kabla ya mvua za mwisho wa mwaka, siku moja nilifungua mlango wa ofisi nikamkuta Leshao ameketi kwenye ngazi. Viatu vyake vya matairi vilikuwa na vumbi la rangi mbili. Nilimpa chai na mkate, akanywa chai akauacha mkate. Nikamwita Kasisi, na Kasisi akaagiza Fundi aitwe kutoka mahali alipokuwa akijenga.

"Watoto hakuna," Leshao akasema. "Hata mmoja. Wazazi wamewatoa."

Akaeleza. Kiangazi kilipokaza, ng'ombe walirudi kutoka mlimani wakitafuta maji ya mchangani na ile ardhi yenye chumvi wanayoilamba nyuma ya kilima. Njia yao, tangu babu wa babu zao, ilipita katikati ya uwanja ule. Walifika wakakuta seng'enge. Ndama mmoja alikatwa kifua. Lakini si ndama aliyewaumiza zaidi. Walikaa wakazungumza, wakasema: tuliwapa mahali pa darasa, wao wakafunga uwanja mzima; watu wa Nyeri hawakuja kujenga shule, walikuja kupima shamba. Kwanza ua, kesho jembe. Na aliyewaleta, akawapa ardhi ambayo si yake, ni Leshao.

"Baba yangu hanisalimii," akasema. "Ananipita kama jiwe."

Mkaguzi angekuja mwanzo wa mwaka, na angekuta darasa zuri tupu. Leshao hakulia wala hakulaumu mtu. Aliendelea tu kugeuza kikombe mkononi. Mimi niliona aibu ya kweli, ile inayopanda shingoni.

Kasisi akasema atamwandikia D.O., mkuu wa tarafa, apeleke mtu na askari wawili wakawaeleze wazee kwamba hakuna anayetaka ardhi yao. Leshao akainua macho.

"Askari akikuja, mimi siwezi rudi nyumbani tena."

Fundi alikuwa amesimama mlangoni na vumbi la mbao kwenye nyusi. Akauliza, "Hiyo njia, inapita karibu na darasa?"

"Inapita pale kwa dirisha."

"Na mimi niriifunga."

"Ndiyo, Fundi."

"Basi nitaenda kuifungua. Barua haiwezi kung'oa nguzo."

Rahisi kusema. Ulikuwa msimu wa kahawa, lori la ushirika lilikuwa likibeba kahawa, na kila kijana alikuwa shambani kwao na kikapu kiunoni. Jumapili baada ya ibada tuliita mkutano. Karanja, kijana wa chuo cha ualimu, mwenye akili na mdomo wake, alisimama akasema wazi wengine walichokuwa wanafikiri.

"Ati twende kubomoa? Watu walitoa seng'enge, akina mama walikuza miche, na sisi tulichimba mpaka mikono ikatoka malengelenge. Tutawaambia nini? Tuwaambie wale Wamaasai wafungue geti, wapitishe ng'ombe, wafunge. Ni shida gani?"

"Shida ni kwamba geti iko na kufuri," Fundi akasema, "na kufuri ni yetu."

Waliojiandikisha walikuwa wachache hivi kwamba mtu angeweza kulala kwa kunyoosha miguu ndani ya gari lolote. Karanja alikuja, nadhani ili apate kuendelea kubishana njiani. Gari tulilopata lilikuwa lori la mfanyabiashara wa mbuzi aliyekuwa akienda mnadani Doldol bila mzigo. Bila mzigo, lakini harufu ya mzigo ilikuwapo. Mimi ndiye niliyelazimika kuwaeleza akina mama wa Othaya habari ya miche yao. Waliniuliza swali moja tu, kama imeshika. Nikasema imeshika. Wakarudi kwenye shughuli zao, na hilo lilinisumbua kuliko kama wangegomba.

Wazee walitupokea kwenye mawe yale yale. Aliyeongea ni Mzee Parmuat, baba yake Leshao. Kiswahili alikijua kidogo, cha kuchunga ng'ombe za wazungu zamani. Leshao alikaa nyuma yetu, upande wetu, jambo ambalo halikumsaidia.

"Wewe fundi," Parmuat akasema. "Nyumba umejenga mzuri. Hapana mtu nasema nyumba mbaya. Lakini hii kamba ya chuma, nani alikuambia weka?"

"Hakuna mtu, mzee."

"Sasa kwa nini uliweka?"

Nilidhani Fundi ataomba msamaha upesi, tuanze kazi. Lakini hakuwa mtu wa kupaka rangi juu ya ukuta mchafu. Alivua kofia, akafikiri, kisha akajibu swali kama lilivyoulizwa.

"Kwetu ukipewa mahari ya kukaa unaweka ua. Usipoweka, unaamka unapata mtu amerima." Akageuza kofia mkononi. "Wakati ya Emajensi ya wazungu tulitolewa manyumbani, tukawekwa kijiji moja na mtaro kubwa na miti ya kuchonga ndani. Mimi nikapelekwa kizuizini. Nikarudi nikapata shamba imepimwa upya na yangu imeenda kwa mtu mwingine. Nikapewa kipande kwa mteremko, mahari hata mbuzi inaanguka. Kitu ya kwanza nirifanya sikujenga nyumba. Niripanda kayaba. Nirirara nje mpaka ikamea."

Hatukuwahi kumsikia akisema hayo. Nilikuwa nimefanya naye kazi miaka, nimekula chakula cha mkewe, na sikujua. Karanja aliinamisha kichwa na hakukiinua.

"Na hapa," Parmuat akauliza, "nani alikuwa nataka chukua?"

"Hakuna mtu."

"Ulikuwa naogopa nani?"

"Sijui, mzee. Niko na hiyo uoga tu. Nirikuja nayo."

Parmuat aliwageukia wenzake, akasema maneno ya Kimaasai. Walicheka, si kicheko kibaya, na mmoja akatikisa kichwa muda mrefu. Leshao, nyuma yetu, alikuwa amejifunika mdomo. Nikamnong'oneza anitafsirie.

"Anasema fundi alibeba woga yake na lori kutoka Nyeri, akaipanda hapa, na wanawake wetu wakaimwagia maji."

Masharti yao yalikuwa machache. Ua wote utoke, na kila shimo lifukiwe na kukanyagwa, kwa sababu ndama akiingiza mguu kwenye shimo amekwisha. Kuhusu watoto, Parmuat alisema wataona kwanza.

Kung'oa ni kazi mbaya kuliko kujenga, na hakuna anayekuimbia. Seng'enge ilituchana, tukaiviringa. Nguzo nyingi Fundi alizikata zikawa miguu ya madawati. Mbuzi walikuwa wameshakula kayaba nyingi. Ile iliyobaki Fundi aliing'oa mwenyewe mche mmoja mmoja, akaifunga kwenye magunia yaliyoloweshwa maji ili tuirudishe Othaya. Karanja ndiye aliyefukia mashimo. Alifukia, akakanyaga, akarudi akakanyaga tena, na kila mara alipodhani amemaliza, mzee fulani alinyoosha fimbo kuonyesha lingine. Sikumsikia akibishana.

Asubuhi ng'ombe walipita. Walipita polepole, wakijikuna kwenye ukuta mpya wa darasa, wakaacha mavi kwenye kizingiti. Nilichukua ufagio. Fundi akaniambia niache, wazee wasije wakadhani tunafuta nyayo za ng'ombe wao. Nyuma ya ndama walikuja watoto watatu au wanne na fimbo zao. Wakasimama mlangoni wakachungulia. Leshao alikuwa ndani, ubaoni, ameandika herufi, na hakuwaita. Waliingia wenyewe. Wengine walikuja siku zilizofuata, lakini si wote. Wazazi wengi walikuwa bado wanangoja kuona.

Mwaka ulipofunguka tulirudi na mbao za juu za madawati, tukamkuta mkaguzi ametutangulia kufika. Alikuwa mtu wa magharibi, Mluhya, aliyeletwa Nanyuki na serikali, mwenye miwani na tepu ya kupimia. Mtu wa haki lakini mtu wa kanuni. Alihesabu watoto, akawasomesha, akapima madirisha, akagonga ukuta, akasema kazi ni nzuri. Leshao alianza kupumua. Kisha mkaguzi akatoka nje, akatazama kulia na kushoto.

"Mwalimu, kiwanja cha shule kinaishia wapi?"

Leshao aliutazama uwanja.

"Siwezi kupendekeza shule ambayo haina mipaka. Hakuna ua?"

"Ulikuwepo," Karanja akasema. "Tumeutoa."

Mkaguzi alituangalia kama watu waliotapeliwa. Akasema anasikitika, lakini bila kiwanja kinachojulikana hawezi kuandika kitu, na safari nyingine ya huku hajui itakuwa lini. Akaanza kukunja tepu. Leshao alisimama mikono ikiwa imening'inia. Nilimtazama Fundi. Najua alichokuwa anakiona, maana mimi nilikiona: nguzo zilizobaki zilikuwa zimelazwa nyuma ya darasa pamoja na seng'enge, na mtu mwenye mikono kama yake angeweza kuwa na ua umesimama kabla chai haijapoa. Hakusogea. Alikuwa anawatazama wazee kwenye mawe, na alikuwa na uso wa mtu anayeuliza.

Parmuat aliuliza Leshao kuna nini. Leshao akamweleza. Lilikuwa neno la kwanza nililowasikia wakisemezana tangu ule ugomvi. Mzee alifikiri, akainuka, akasema kitu kwa wenzake. Mzee mmoja akatembea mpaka chini ya kilima, akasimama, akaegemea fimbo yake, mguu mmoja juu ya mwingine. Wa pili akaenda upande wa visima. Parmuat mwenyewe akaenda mbali zaidi, kule njia ya ng'ombe inapoingilia, akasimama akitutazama. Walikuwa wamekuwa pembe tatu za kiwanja. Wa pembe ya nne hakuwepo. Wazee wengine siku hiyo walikuwa mnadani.

Parmuat alipaza sauti kutoka huko alikokuwa.

"Wewe fundi. Enda simama pale."

"Mimi, mzee?"

"Pale uliweka nguzo ya kona. Unajua wewe."

Fundi alijua. Alitembea mpaka pale, akaweka miguu yake juu ya shimo alilolifukia Karanja, akavua kofia. Mkaguzi alifungua tepu yake. Karanja akashika ncha moja, na wakaanza kupima kutoka mtu hadi mtu. Walipofika kwa Fundi, mkaguzi alimtazama, koti lake, viatu vyake vya Nyeri, akasita na kalamu.

"Na huyu mzee ni wa hapa?" akauliza.

"Huyo ni kona," Parmuat akajibu kutoka mbali. "Pima."

Mkaguzi akapima, akaandika, na shule ikaandikishwa. Gari lake lilipoondoka wazee wawili walirudi kwenye mawe yao. Fundi alibaki amesimama palepale, kofia mkononi, macho yamejaa machozi, mpaka Parmuat akaja akamgusa bega, akamwambia anaweza kutoka sasa, ng'ombe wanataka kupita.